Ilikuwa Imekufa

Mama Wamuyu alifika kituoni kabla ya jua kuchomoza, akiwa bado na gambuti za shamba la maua miguuni, na hakuna askari aliyekuwa na moyo wa kumwambia aondoke. Alipomwona Inspekta Jepleting akiingia, alisimama.

"Afande, wewe ndiye mkubwa?"

"Mimi ni wa upelelezi, mathe. Keti."

"Sikai. Nimeambiwa kesho mnampeleka Wamuyu kortini, ati ameua mwalimu wake. Hebu nikuulize, mtu anaua mtu anayemwombea kila Jumapili?"

Kazi ilikuwa imemfundisha Jepleting kwamba watu huua hata wale wanaowaombea, tena wakati mwingine ndio hao hao. Lakini hayo humwambii mzazi aliyetembea kwa miguu kutoka Karagita bila hata chai tumboni. Alimwomba askari wa zamu amletee mama kikombe, kisha akaingia ofisini na kufunga mlango.

Konstebo Kipchirchir alikuwa akimsubiri, uso umeng'aa. Kwake yeye kesi ilikuwa imeiva.

"Madam, hii imekwisha," alisema. "Daktari Njuguna amepatikana amekufa jana alasiri ndani ya maabara. Hana jeraha. Daktari wa serikali anasema alikosa hewa. Chumba ni kile cha baridi, mlango wake ukifungwa haupitishi hewa, kama wa friji. Na mshukiwa mwenyewe amekiri kwamba alikuwepo. Sikiliza." Akasoma kwa sauti, akitua kwenye kila nukta: "'Nilipofika alikuwa amekufa tayari. Niliogopa. Nilifunga mlango, nikaenda nyumbani.'"

"Hayo ni maneno yake?"

"Yake kabisa. Mimi nilinyoosha lugha tu."

Kunyoosha lugha ulikuwa ugonjwa wa Kipchirchir. Alipata A ya Kiswahili katika kidato cha nne na tangu siku hiyo dunia haikumpa raha. Kibanda kilicho mkabala na kituo kilikuwa kimeandikwa "chapati moto iko hapa," naye akaenda kuomba chaki asahihishe. Mwenye kibanda alimtimua na mwiko.

Jepleting aliyarudia yale maneno kimoyomoyo. Kuna kitu hakikukaa sawa. Mtu anayetaka kudanganya angesema hakufika kabisa. Na mtu aliyekuta maiti akakimbia kwa woga, hakai nyumbani jioni nzima akifua nguo. Polisi walipomfuata Wamuyu ndivyo walivyomkuta, na povu mikononi, akawauliza kama wamekuja kwa jirani.

"Mlete," alisema. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Wamuyu aliletwa. Alikuwa msichana mwembamba, macho yamevimba kwa kilio, vidole vina madoa ya dawa za maabara. Alikuwa akisomea shahada ya pili chini ya Daktari Njuguna.

"Sitakupigia kelele," Jepleting alimwambia. "Anza tu. Ulifika maabara ikawaje?"

"Nilifika kabla ya lanchi. Nikapata ilikuwa imekufa tayari. Daktari akanionyesha, na mimi nikaogopa sana..."

"Ngoja. Nani alikuonyesha?"

"Daktari Njuguna."

Kalamu ya Kipchirchir ilisimama.

"Maiti ilikuonyesha nini, Wamuyu?"

"Maiti gani?" Wamuyu alimkodolea macho. "Aki Madam, Daktari alikuwa mzima. Alikuwa ameketi hapo kwa mashine. Iliyokuwa imekufa ni sampo, ile fuwele tunapima."

Jepleting alimgeukia konstebo taratibu.

"Alisema 'ilikuwa' au 'alikuwa'?"

"Alisema..." Kipchirchir alitazama karatasi yake. "Alisema 'ilikuwa', Madam. Lakini watu wa huku wote husema hivyo! 'Mtoto imelala', 'mzee imeenda'. Mimi nikadhani ni upatanisho umemshinda, nikaandika vile inavyotakiwa."

"Jana aliniambia niseme 'alikuwa'," Wamuyu alisema. "Nikafikiri ananifunza Kiswahili. Nilikuwa nalia, nikasema sawa, andika."

Jepleting alikuwa na hasira, na aliiacha ionekane. Herufi moja tu, na mtoto wa watu alikuwa njiani kwenda kujibu shtaka la mauaji. Kweli ulimi hauna mfupa, lakini kalamu ya mjuaji ni mbaya zaidi.

"Sasa nieleze hiyo sampo," alisema. "Nieleze kama unaelezea mtu aliyeacha fizikia mapema. Maana niliiacha mapema."

Wamuyu akajifuta uso na mkono wa sweta. Alipoanza kueleza, sauti yake ilipata nguvu.

"Madam, kuna vitu vinapitisha umeme vizuri, kama waya. Kuna vingine vinakataa, kama mpira. Halafu kuna vya katikati, ndivyo vinatengeneza chipu za simu. Sasa, vichache sana kati ya hivyo vya katikati vinakuwa pia sumaku. Sisi tunakuza fuwele moja ya aina hiyo, ya kromi na seleni. Nyeusi, ndogo kama ndengu. Ukiweza kupata umeme na sumaku kwa jiwe moja, unaweza kutengeneza vitu ambavyo dunia bado haina. Shida ni moja. Hiyo sumaku inaishi tu kwa baridi kali. Tunaipoza na naitrojeni ya maji. Ikipata joto, inakufa. Sisi husema hivyo, imekufa."

"Na Profesa Kiptum, mkuu wa maabara yenu, alitangaza nini kwenye runinga?"

"Kwamba yake haifi. Kwamba hata kwa jua la Naivasha inabaki sumaku. Watu wakafurahi sana. Wiki ijayo wageni wanakuja kuiona." Wamuyu aliinamisha kichwa. "Lakini Daktari hakuamini. Alikuwa na neno lake: sumaku na umeme ni mashahidi wawili wa tukio moja. Kwa fuwele ya kweli, pale sumaku inakufa, umeme nao unajikwaa, unapita kwa shida. Ni mahali pamoja, kwa joto lile lile. Sasa kwa fuwele ya Profesa, umeme ulikuwa unajikwaa pale pale kwa baridi, kama kawaida. Lakini sumaku inasema bado niko hai. Daktari akasema shahidi mmoja anadanganya."

"Na wa uongo ni yupi?"

"Vumbi. Vumbi la huku liko na chuma, Madam. Inaingia kila mahali. Jana asubuhi Daktari aliosha fuwele kwa tindikali, akabandika nyaya upya, akapima. Nilipofika ilikuwa imekufa tayari. Mashahidi wote wawili wakasema kitu kimoja."

"Na ukaogopa."

"Nilimwogopa Profesa. Daktari akaniambia, enda nyumbani, hii maneno nitamwambia mimi mwenyewe. Akaniambia nifunge mlango vizuri vumbi isirudi. Nikafunga."

"Feni ya kutoa hewa ilikuwa imewashwa?"

"Ilikuwa inalia. Niliisikia na masikio yangu."

Jepleting alisimama. Nje, kupitia dirishani, alimwona mama mtu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kunywa.

"Kipchirchir, chukua funguo za gari," alisema. "Na uende kwa yule fundi wa redio, umwombe sumaku ya spika iliyokufa."

"Iliyokufa, Madam?"

"Ndiyo. Spika. Iliyokufa."

Maabara ilikuwa nje ya Karagita, kwenye shamba la maua lililofungwa zamani. Mabanda ya plastiki yalikuwa yamechanika, mifupa tu imebaki, lakini stoo ya baridi ambamo waridi zilikuwa zikingojea ndege bado ilikuwa imara, kuta nene, mlango mzito wenye mpira pande zote. Kituo cha utafiti kiliikodi na kuigeuza maabara, maana hakuna mahali pengine ambapo vumbi lingezuilika. Lile vumbi lenyewe lilikuwa limelala juu ya kila kitu uani, jeusijeusi, la volkano.

Profesa Jonah Kiptum aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimechanwa vizuri, koti jeupe limepigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa cha mimbari.

"Poleni kwa safari. Ni msiba mkubwa. Njuguna alikuwa kama mdogo wangu."

"Pole nawe, Profesa. Tueleze tena ulivyomkuta."

"Nilifika baada ya chakula cha mchana. Nikafungua mlango, nikamwona sakafuni. Alikuwa ameshafariki. Sikugusa kitu chochote. Nilitoka nje nikawapigia simu."

"Hukugusa chochote kabisa?"

"Chochote."

Jepleting alivunja lakiri ya polisi, wakaingia na kuuacha mlango wazi. Ndani palikuwa padogo: meza ya mashine, kiti, na kwenye kona mtungi wa alumini wenye shingo nyembamba. Jepleting aliujua. Kwao Olenguruone daktari wa ng'ombe alikuja na mtungi kama huo nyuma ya pikipiki, mbegu za fahali zimegandishwa ndani, na baba yake aliwafukuza watoto wasisogee ule moshi mweupe.

"Hii ndiyo naitrojeni," alisema. "Ikimwagika inageuka hewa."

"Ni hewa isiyo na sumu," Profesa alisema. "Tunaivuta kila siku."

"Lakini ikijaa chumba inafukuza ile nyingine tunayoihitaji. Mtu hasikii harufu, hasikii kukabwa. Anaona tu kizunguzungu, anaanguka. Ndiyo maana mkaweka feni."

Akabonyeza swichi ya feni. Ikalia vizuri kabisa. Alichana kipande cha karatasi ya tishu akakiinua mbele ya wavu wake, mahali ambapo hewa ilipaswa kuvutwa kwenda nje. Tishu ilining'inia tu. Haikuvutwa hata kidogo.

"Kipchirchir, zunguka nyuma uangalie tundu la feni hii."

Konstebo alirudi na sifongo nene mkononi, selotepu pana zikiburutika.

"Lilikuwa limezibwa kwa nje, Madam. Nimepiga picha kabla ya kutoa. Selotepu ni mpya."

"Vijana hawa," Profesa alisema haraka. "Yule msichana huwa na mawazo yake."

"Tutaangalia alama za vidole," Jepleting alisema. "Selotepu hupenda kushika vidole."

Profesa akakohoa. "Sasa nakumbuka. Ni mimi niliyeziba. Juzi. Wageni wanakuja, upepo ulikuwa mkali, nikataka chumba kiwe safi. Nilikusudia kuwaambia."

"Hukuwaambia."

"Nilisahau."

Alisema neno hilo kama mtu aliyesahau mwavuli, na Jepleting alilazimika kugeuza uso ili asimtukane mbele ya konstebo wake. Akavaa glavu, akasogea kwenye meza.

Fuwele ilikuwa pale juu ya kishikizo chake, nyeusi, ndogo, na nyaya mbili nyembamba kama nywele zimegandishwa kila upande kwa gundi ya fedha. Hakuna waya uliokuwa umeng'oka. Basi hii ndiyo ile ile aliyoipima marehemu, haikubadilishwa. Jepleting alitoa sumaku ya spika mfukoni akaisogeza polepole.

Fuwele iliruka kuelekea sumaku. Nyaya zikakaza.

"Madam," Kipchirchir alinong'ona, "hii haijafa. Iko hai. Msichana ametudanganya."

Hata Jepleting moyo ulimshuka. Chumba kilikuwa na joto la kawaida. Kama Wamuyu alisema kweli, kile kitu kilipaswa kulala tu kama kokoto. Alimfikiria yule mama na kikombe chake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajiuliza kama amejidanganya kwa huruma.

"Nimewaambia nchi nzima," Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo haikufaa siku ya matanga. "Fuwele yangu haifi."

Jepleting aliinama hadi pua ikakaribia meza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaomba selotepu, akakata kipande, akakibandika juu ya fuwele kwa upole, akakibandua. Akafanya hivyo tena na kingine, na kingine. Kwenye gundi ya selotepu palibaki chembe nyeusi, laini. Akazisogezea sumaku. Zilisimama wima kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.

Hakuna mtoto wa Bonde la Ufa asiyezijua. Unavunja redio ya babu, unatoa sumaku, unaiburuta barabarani kwenye vumbi, unarudi nyumbani na ndevu za chuma. Jepleting mwenyewe alichapwa kwa ajili ya redio.

Kisha akaisogezea fuwele sumaku tena. Haikutikisika. Akaigusa kabisa. Wapi.

Alichukua kikombe chepesi cha plastiki ya povu, akamimina naitrojeni kidogo iliyobaki mtungini. Moshi mweupe ukatambaa mezani. Akakitumbukiza kishikizo chote hadi kuchemka kukatulia, akakitoa na kusogeza sumaku. Fuwele ilijivuta na kung'ang'ania. Walisimama wote watatu wakiitazama. Ukungu ukaanza kuyeyuka, joto la mchana likaingia, na mara fuwele ikaiachia sumaku, ikarudi chini.

"Sasa imekufa," Jepleting alisema. "Ni fuwele nzuri, Profesa. Daktari Njuguna aliikuza vizuri. Lakini inakufa kama zote."

Profesa alikuwa akitazama kipande cha selotepu.

"Vumbi huingia," alisema. "Hatuwezi kulizuia."

"Humu? Mlango una mpira, na tundu pekee la hewa ulikuwa umeliziba wewe mwenyewe kwa sifongo. Jana asubuhi fuwele hii iliogeshwa kwa tindikali. Ilikuwa safi. Baada ya hapo Wamuyu akaondoka, mlango ukafungwa. Vumbi halina miguu. Limeletwa na mkono, na mtu aliyefungua mlango baada ya Wamuyu, kabla yetu, ni mmoja."

"Huyo msichana ndiye anayesema iliogeshwa! Mnamwamini yeye?"

"Simwamini yeye wala wewe. Marehemu alikuwa na neno lake, kwamba mashahidi wawili wa tukio moja lazima wajikwae mahali pamoja. Wewe umeniambia hukugusa chochote. Fuwele inaniambia imeguswa. Mmoja wenu anadanganya, na fuwele haina cha kupoteza."

Profesa alivuta kiti akaketi. Kilikuwa kiti cha Njuguna. Jasho lilimtoka kwenye mvi, likashuka hadi kwenye kola iliyopigwa pasi. Alikuwa akitazama sakafu, upande wa kulia wa meza, pale ambapo jana polisi walichora mstari wa chaki.

Jepleting alishusha sauti. Alikuwa na swali moja tu kuhusu ile fuwele, na alitaka jibu lake kabla ya kumpa onyo la kisheria na kumwita wakili wake.

"Ulipofungua mlango, Profesa. Ilikuwa imekufa?"

"Hapana," alisema Profesa kwa sauti ndogo. "Alikuwa bado anapumua."

Feni ilikuwa ikilia. Kipchirchir alikuwa ameacha kuandika.

"Nimeuliza 'ilikuwa'," Jepleting alisema. "Nilikuuliza habari ya fuwele."

Profesa aliinua uso. Msomi yule, na Kiswahili chake cha mimbari, alikuwa amesikia 'ilikuwa' kwa masikio ya watu wote wa huku, akainyoosha kimoyomoyo kama konstebo alivyofanya. Alimjibu Jepleting habari za mtu aliyekuwa akimwona pale sakafuni.

Jepleting alimpa onyo lake hapo hapo, neno kwa neno, kwamba si lazima aseme lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Profesa alitikisa kichwa. Alisema hata hivyo. Huenda alikuwa amechoka kubeba.

"Nilidhani ni kizunguzungu tu. Nilidhani ataamka mwenyewe. Niliangalia mashine, nikaona alichokipima. Nikajua watu wakiingia kumsaidia wataona. Nikasema, kwanza nirekebishe hili, halafu niite watu."

"Ukarekebisha vipi?"

"Nilitoka uani nikachota vumbi kwenye kiganja."

"Mlango uliuacha wazi?"

Profesa aliangalia mlango. Jepleting alirudia swali.

"Niliufunga," alisema Profesa. "Ili nisionekane."

"Na uliporudi?"

"Alikuwa amenyamaza."

Kipchirchir aliyeamini kwamba kila kosa lina sahihisho lake alikuwa amesimama na kalamu hewani, machozi yanamlengalenga. Mtu alikuwa pale chini anapumua. Mlango ukiachwa wazi tu, bila dawa, bila daktari, hewa ya bure ya Mungu ingeingia na kumwamsha. Mwenzake alimruka, akaenda kuchota vumbi ili kufufua jiwe.

"Ulianza na jiwe," Jepleting alisema.

"Nilifanya kazi miaka ishirini kwa ajili ya..."

"Simama, Profesa. Mikono."

Alasiri hiyo Kipchirchir aliandika taarifa ya Wamuyu upya. Aliandika polepole, na kila sentensi alimsomea kwa sauti na kumuuliza kama ndivyo alivyosema. Palipoandikwa "ilikuwa imekufa" alisimama kidogo.

"Nisamehe," alisema. "Mimi nilidhani nakusaidia."

"Ulikuwa unipeleke jela," Wamuyu alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia.

"Najua. Nitalala na hilo."

Mlango wa seli ulikuwa umefunguliwa tangu Jepleting aliporudi na hakuna aliyemzuia Wamuyu. Mama yake alimkumbatia kwenye ukumbi wa kituo mbele ya watu wote, akamshika uso, akamkagua mikono na shingo kama anayemnunua sokoni, akimshukuru Mungu kwa Kikuyu na Jepleting kwa Kiswahili. Askari wa zamu alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Twende nyumbani," mama alisema. "Umefunguliwa, mwanangu. Imekwisha."

Wamuyu alimgeukia Jepleting.

"Madam, Profesa alimpata Daktari akiwa amekufa?"

Jepleting angeweza kusema ndiyo. Ungekuwa uongo wa huruma, na kesho msichana angelala vizuri. Lakini kesi ingefika kortini na angesikia kutoka kwa watu wasiomjua, kwa Kiingereza, katikati ya wageni.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anapumua bado. Kama angetolewa nje, pengine angeishi. Profesa aliufunga mlango tena."

"Tena," Wamuyu alisema.

"Wamuyu, wewe hukujua feni imezibwa. Hakuna aliyejua."

"Nilisukuma na bega, Madam. Ule mlango ni mzito, haufungi vizuri ukisukuma na mkono. Daktari aliniambia kutoka ndani, sukuma na bega, Wamuyu, bado naona mwangaza. Nikasukuma hadi akasema sawa."

Mama yake alimvuta mkono taratibu kuelekea nje, kwenye jua. Wamuyu alipiga hatua moja, akasimama, akarudi kuketi kwenye benchi ya kituo. Usiku kucha alilia kwa kuwa alikuwa ameshikwa. Sasa alikuwa huru, na ndipo alipoanza kumlilia mwalimu wake.